Mbao za miaka elfu mbili: kwa nini tunazimwagia maji?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasomea uhandisi wa ujenzi. Nimesoma kwamba kabla ya jengo la Bloomberg kujengwa London, wanaakiolojia walichimba pale kuanzia 2010 hadi 2014, wakatoa mbao za enzi za Warumi. Kwenye picha naona wanazinyunyizia maji. Mbona kwetu mbao iliyolowa ndiyo inayooza? Na kama shimo linajaa maji, si yavutwe yote kwa pampu kwanza ndipo kazi ianze?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la pampu ndilo lililonifanya nikujibu upesi, kwa sababu hapo ndipo mhandisi mwenye nia njema anapoweza kuharibu kila kitu kabla koleo halijagusa udongo.

Tuanze na kuoza. Ukiwahi kung'oa nguzo ya uzio, utakumbuka imelika zaidi pale inapoingilia ardhini, kwenye usawa wa udongo. Hapo unyevu na hewa vinakutana, na kuvu inavihitaji vyote viwili. Sasa ichukue mbao hiyo uizamishe kwenye tope zito lisilopitisha hewa. Oksijeni kidogo iliyomo inaisha, kuvu inakufa, mchwa hafiki. Wanabaki bakteria wachache wanaoila mbao polepole mno. Walbrook, kijito kilichopita pale lilipo jengo la Bloomberg na kuingia mto Thames na ambacho leo kimefukiwa chini ya jiji, kilikuwa na tope la namna hiyo. Hata shaba hutoka humo inang'aa kama dhahabu, kisha inafifia mkononi mwako ikishapata hewa.

Lakini usidhani mbao hiyo ni nzima. Bakteria wamekwishakula sehemu kubwa ya kile kinachoipa nguvu, na nafasi yake imejazwa na maji. Ibonyeze kwa kidole, inabonyea kama jibini. Maji ndiyo yanayoishikilia. Ukiianika, maji yakitoka yanavuta kuta za seli zilizodhoofika nazo zinaporomoka. Mbao inasinyaa, inapinda, inapasuka, na ukiirudisha kwenye maji hairejei umbo lake. Fundi wa majahazi anajua chombo kikikaa pwani juani muda mrefu mbao huachana, ila yeye akikirudisha majini zinavimba na kufunga tena. Sisi hatuna nafasi hiyo ya pili.

Kwa hiyo tunanyunyizia, tunafunika kwa plastiki, tunasafirisha ndani ya maji. Maabara maji yale hubadilishwa taratibu kwa nta maalumu inayoyeyuka majini, iitwayo polyethilini glaikoli. Vipande vidogo hugandishwa, kisha barafu hugeuzwa kuwa mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, ndiyo maana hakuna maji ya kuzivuta kuta za seli zikaporomoka. Kitu kikubwa huhitaji subira: meli ya Mary Rose, iliyoinuliwa baharini Uingereza mwaka 1982, ilinyunyiziwa nta hiyo kuanzia 1994 hadi 2013.

Kinachookolewa ni nini? Pale Bloomberg vilipatikana vibao vya kuandikia 405, vya mti wa jamii ya misonobari. Vifikirie kama ubao wa chuoni, ila katikati vimechongwa kina kidogo na kujazwa nta, na mwandishi anachora kwa kalamu ya chuma. Nta imepotea. Kilichobaki ni mikwaruzo pale kalamu ilipopenya hadi kwenye mbao, myembamba kama unywele. Kimojawapo ni hati ya deni ya tarehe 8 Januari mwaka 57 baada ya Kristo: Tibullus anakiri kuwa Gratus anamdai dinari 105 za bidhaa alizokwisha kuuziwa na kukabidhiwa. Siku chache tu za jua zingetosha kuifuta hati hiyo.

Sasa pampu. Ukishusha maji ya ardhini eneo zima miezi sita kabla, hewa inaingia kwenye matabaka yote, na kuoza kulikosimama karne nyingi kunaanza upya, hata chini ya kiwanja cha jirani. Zungusha shimo kwa mabamba ya chuma yaliyopigiliwa ardhini, kisha vuta maji hatua kwa hatua, kiasi cha tabaka linalochimbwa wiki hiyo. Nguzo za msingi nazo zipangiwe mahali pamoja na wanaakiolojia, kwa sababu tundu moja la nguzo linaweza kupita katikati ya gati la kale.

Na si lazima kila kitu kitolewe. Masalia ya ukumbi wa maigizo wa Rose, kando ya Thames, yalipofukuliwa mwaka 1989, watu waliandamana yasiharibiwe. Michoro ya jengo la ofisi ilibadilishwa, masalia yakafunikwa kwa mchanga na zege, na maji yakaachwa juu yake ili masalia yasikauke. Mwaka uliofuata serikali ilitoa mwongozo ulioweka jukumu la kuchunguza na kulipia kazi hiyo kwa mwendelezaji wa kiwanja. Ukiajiriwa kwenye mradi wa kando ya mto, omba vipimo vya kina cha maji ya ardhini vya kiangazi na vya masika kabla ya kuchora msingi, na mpelekee mwanaakiolojia nakala siku hiyohiyo.