Umepaka mbegu ya ufuta udongo na unataka hataza? Soma hii kwanza

Wadau wa ufuta huku Lindi na Mtwara, mbegu zetu ni ndogo mno, ndo maana watu wanachanganya na mchanga ili zisirundikane shimoni. Sasa kuna vijana wanazipaka udongo wa mfinyanzi na gundi, zinakuwa vidonge vya kushikika vizuri na kupita kwenye mashine ya kupandia. Wazo zuri kabisa, ila hataza (patent, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wako) ni habari nyingine.

Nilimsaidia kijana mmoja wa Nachingwea kuandika maombi, yakarudi na hoja moja: kuvisha mbegu udongo kunajulikana siku nyingi. Na kweli, mbegu za shugabiti (zao la mizizi la kutengenezea sukari) Ulaya na Marekani zinavishwa hivyo kwa miongo mingi sasa. Akaniambia kaka, mbona kwenye ufuta huku hakuna aliyefanya? Haisaidii, upya unapimwa kwa dunia nzima, halafu wakaguzi wa maombi wanauliza kama fundi wa kazi hiyo angefika hapo mwenyewe bila kuumiza kichwa. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2007, kesi ya KSR na Teleflex iliyohusu pedali za gari, ilisema ukiunganisha vitu vinavyojulikana ukapata matokeo yanayotarajiwa tu, hapo hakuna uvumbuzi.

Kwahiyo kwenye madai yako, yaani sehemu ya maombi inayosema unachotaka kulindiwa, usidai "mbegu iliyopakwa udongo", utapigwa chini. Dai kile ambacho wengine wasingekitegemea. Udongo ukigandamana sana unazuia maji na hewa, mbegu inachelewa kuota, sasa kama mchanganyiko wako unashikika vizuri NA mbegu inaota sawa na ile tupu, hapo una neno la kusema, ila uwe na ushahidi yaani panda sambamba mbegu tupu, kidonge cha kawaida na cha kwako, hesabu zilizoota kila siku, pima vumbi linalobaki kwenye kopo, dondosha vidonge uone vingapi vinapasuka, andika tarehe na uwiano wa kila kitu. Sisi tuliandika upya madai yote kwa vipimo hivyo.

Na nakuomba sana, usimwage resipe kwenye maonyesho ya Nanenane pale Ngongo, Lindi, kabla hujapeleka maombi BRELA (wakala wa serikali unaosajili hataza), maana ukishaitangaza mwenyewe inaweza kutumika dhidi yako. Vidonge waone, uwiano baki nao. Tena kama mbegu ni aina iliyotolewa na watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, hataza ya kupaka haikupi umiliki wa aina hiyo, haki za aina za mimea zina sheria yake ya 2012.