Ndege za Mfano za Ukumbini: Ugumu Haujaisha, Umehama

Nilihamia ukumbini kwa sababu ya kusi. Ndege ya gramu chache haiwezi kushindana na upepo unaovuma kutoka baharini hapa Tanga, na ile niliyoiunda kwa wiki tatu iliishia juu ya mwembe siku ileile niliyoirusha.

Wakati huo ugumu wote ulikuwa mezani. Nilipima vijiti vya balsa, mbao nyepesi sana, kimoja kimoja, nikaviunganisha kwa matone ya gundi, nikavika mabawa karatasi nyembamba, kisha nikasokota mpira wa kuzungushia propela. Na kama nilikosea pembe ya mkia, ndege iligonga sakafu kabla sijapiga hatua. Unyevu wa pwani uliongeza tabu, kwani balsa na karatasi hufyonza maji yaliyomo hewani. Ndege iliyoruka vizuri alasiri, niliikuta asubuhi baada ya mvua imekuwa nzito na bawa moja limepinda. Ihifadhi ndani ya chombo kinachofungika vizuri, na uitazame kutoka mbele kila mara kabla ya kuirusha, uone kama bawa limepinda.

Siku hizi ndege ya povu jepesi, yenye betri ya lithiamu ya volti 3.7 na jairo, yaani kifaa kinachohisi kuyumba kwa ndege na kuisawazisha, huruka siku hiyohiyo inapotolewa kwenye boksi. Nimelipokea jambo hilo kwa furaha, maana limewaleta vijana wengi. Hata hivyo, jairo huizuia ndege isiyumbe, lakini haliupanui ukumbi. Ukumbi ninamorushia una upana wa mita 12 hivi, na ndege inayokwenda mita 4 kwa sekunde huuvuka kwa sekunde 3 tu.

Ndiyo maana namsihi anayeanza atazame uzito kabla ya kitu kingine chochote. Kwa bawa lilelile, uzito ukipungua hadi robo, kasi ya chini kabisa inayoiweka ndege hewani hupungua hadi nusu. Na uzito ukipungua nusu, kona ndogo kabisa ambayo ndege inaweza kuikata nayo hupungua nusu. Mimi niliondoa magurudumu na kuweka betri ndogo zaidi, nikaridhika kuruka kwa dakika chache, na kuta zikaacha kunitisha.

Hata katika mashindano ya kimataifa ugumu umehamishwa. Kwa F1D, daraja la ndege za ukumbini zinazoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, kanuni za mwaka 2015 zilipandisha uzito wa chini unaoruhusiwa wa ndege kutoka gramu 1.2 hadi 1.4, zikapunguza uzito wa juu wa mpira kutoka gramu 0.6 hadi 0.4. Mwundaji alipata nafuu kidogo, lakini sasa hana nguvu ya mpira ya kupoteza.

Anza na ndege ya mpira. Itakapozunguka ukumbi mzima bila kugusa ukuta, chukua ya betri, uirushe jairo likiwa limezimwa, mapangaboi ya dari yamesimama, na madirisha ya upande wa bahari yamefungwa.