Mgonjwa wa presha akikuambia "nimemaliza dozi"

Daktari au muuguzi wa kliniki ya presha na sukari, lichunge sana neno "dozi". Watu wamelizoea kwenye malaria: dawa mseto humezwa siku 3, vidonge vinakwisha, mtu amepona. Ukimkabidhi mgonjwa wa presha vidonge vya siku 30 na kumwambia "hii ndiyo dozi yako", vikiisha ataacha, tena kwa nia njema kabisa, kwa kuwa presha kwa kawaida haiumi na yeye anajiona mzima. Siku ya kwanza mwambie waziwazi: "Mama, dawa hii haiponyi presha. Inaishusha na kuizuia isipande. Ukiacha itapanda tena, hata kama husikii chochote. Vikibaki vidonge vya siku 7, njoo uchukue vingine."

Akirudi, usimuulize "unameza dawa?" Atajibu ndiyo, maana kwake hiyo ni adabu mbele ya mtaalamu. Uliza hivi: "Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi zimepita hukumeza?" Kisha nyamaza, umsubiri. Akisema 3, usimkaripie, maana safari ijayo atasema hakuna hata moja. Tafuta kilichomzuia. Huenda ni pesa, huenda ni safari ya msiba, na mara nyingi ni maudhi ya dawa yenyewe. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu, enalaprili huweza kuleta kikohozi kikavu, na dawa ya kukojoza ikimezwa jioni humwamsha mtu usiku kwenda chooni. Maudhi hayo yote yanarekebishika kwa kubadili dawa au saa ya kumeza, lakini asiyeulizwa huacha kimyakimya.

Siku ya kliniki nayo ina mtego wake. Mgonjwa mwenye presha na sukari huambiwa aje bila kula ili apimwe sukari, naye anaelewa kwamba hata kidonge cha presha asimeze. Anafika na 170/100, anaongezewa dawa, halafu nyumbani akizimeza zote anapata kizunguzungu. Kwa hiyo unapompa tarehe, mwambie kidonge cha presha ameze kwa maji kama kawaida, na vidonge vya sukari vingoje hadi atakapokula. Wa insulini mpe maelekezo yake peke yake. Na kabla ya kuongeza dawa yoyote, uliza: "Leo umemeza saa ngapi?" Mpumzishe dakika 5 akiwa ameketi, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, bila kuongea, kisha pima mara 2.

Bahasha ya dawa iliyoandikwa 1×2 inasomeka vizuri dukani tu. Nyumbani mtu anaweza kumeza viwili kwa mpigo. Andika "asubuhi 1, usiku 1", na saa zitaje kwa Kiswahili: saa 1 asubuhi, saa 1 usiku.

Kabla hajainuka, mpe dawa mkononi: "Bibi, wa nyumbani wakikuuliza hizi zinamezwaje, utawaambiaje?" Muulize bibi mwenyewe, si kijana aliyemsindikiza. Akikosea, maelezo yako ndiyo hayakueleweka. Rudia kwa maneno mengine, kisha umsikilize tena. Hata foleni ikiwa imefika nje, hizo ni dakika 2.