Anajifanya, au ni ubongo? Kwa wanaoanza kazi na wagonjwa wa kiharusi Mombasa

Wiki yako ya kwanza wodini au kliniki ya mazoezi, jamaa za wagonjwa watakuambia mambo ambayo hayamo katika daftari lako la chuo. "Mzee anajifanya hawezi kusema, mbona Fatiha anaisoma yote?" "Bi mkubwa anakula nusu sahani, halafu analia njaa." "Huyu hakuwa mtu wa matusi kabisa." Usiyapite haraka maneno hayo. Mara nyingi ndiyo dalili yenyewe, imesemwa na mtu aliyeishi na mgonjwa miaka arubaini. Kazi yako ni kuitambua kabla nyumba nzima haijaamua kwamba mzee ni mkaidi, au kwamba amechezewa.

Kinachozungumzwa hapo ni gamba la ubongo, lile tabaka la juu lenye unene wa milimita 2 hadi 4 tu. Limekunjwakunjwa sana: chukua kipande cha leso cha karibu nusu mita kwa nusu mita ukifinyange kiingie ndani ya kifuu, utapata picha yake. Lina nyuroni (seli za neva) kama bilioni 16 kati ya bilioni 86 za ubongo mzima. Kila eneo lina kazi linayoifanya zaidi kuliko mengine, lakini hakuna eneo linalofanya kazi peke yake, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Wanakariri ramani yenye rangi, kisha wanashangaa mgonjwa hafanani nayo.

Tuanze na usemi, kwa sababu ndio unaowaumiza watu zaidi. Kwa karibu wote wanaotumia mkono wa kulia, usemi hutegemea upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa ambaye neno lake lilikuwa "tan" tu, na baada ya kifo chake akakuta sehemu ya mbele upande wa kushoto imeharibika. Mwaka 1874 daktari Mjerumani Carl Wernicke akaeleza aina nyingine: maneno yanamiminika na yana mahadhi ya mazungumzo, ila hayashikani maana, na mgonjwa haelewi anayoambiwa. Utawaona wote wawili. Wa kwanza anajua anachokitaka, jasho linamtoka akitafuta neno "maji", na hasira zake ni za mtu mwenye akili timamu aliyefungiwa mlango. Wa pili anaweza kuzungumza dakika tano nzima bila kutambua kwamba hakuna aliyemwelewa.

Sasa ile Fatiha. Maneno yaliyokaririwa tangu utotoni, iwe ni Fatiha, Baba Yetu, moja hadi kumi, siku za wiki, "waleikum salaam" au hata matusi, hayaundwi upya kila yanaposemwa. Hutoka kwa mfululizo, na yanaweza kubaki hata pale uwezo wa kutunga sentensi mpya umeharibika. Kwa hiyo mzee hajifanyi. Waeleze jamaa jambo hili siku ile ile, kwa upole, maana kuna wake na watoto wanaoumia kimya wakidhani wanadharauliwa.

Kutoka hapo unapata onyo la pili: kuitikia salamu si ushahidi wa kuelewa. Pima hivi. Weka mikono yako mapajani na uitulize, kwa sababu vidole na macho yako vinatoa majibu bila wewe kujua. Sema, "Funga macho." Kisha, "Gusa sikio." Kisha, "Gusa sikio la kulia kwa mkono wa kushoto." Baada ya hapo uliza maswali kumi ya ndiyo au la, matano kati yake jibu sahihi likiwa "la": umeshika kijiko, unauliza, "Huu ni mkate?" Anayeitikia "ee" kwa kila swali atapata matano, na matano kati ya kumi ni kubahatisha. Na uulize kwa lugha ya nyumbani kwake. Mombasa mtu anaweza kuwa na Kidigo cha mama, Kiswahili cha mtaa na Kiingereza cha kazini, na baada ya kiharusi lugha hizo hazirudi zote kwa kasi moja kila mara.

Yule bi mkubwa wa nusu sahani ni habari nyingine. Mara nyingi dhara liko upande wa kulia, sehemu ya juu kuelekea nyuma, panapopangwa umakini wa mahali. Mwekee hamri moja kulia, jingine kushoto, bakuli la mbaazi katikati. Atakula la kulia, atachota mbaazi za nusu ya kulia ya bakuli, kisha atapangusa mdomo. Geuza sahani nusu duara: chakula kimezuka, naye anaendelea kula. Macho yake yanaweza kuwa mazima kabisa. Upande wa kushoto ndio haumwiti. Usimchanganye na aliyepoteza nusu ya uoni kwa dhara la nyuma kabisa ya ubongo. Huyo kwa kawaida hujua kuna pengo, naye hugeuza kichwa kulitafuta.

Chora mstari wa sentimita 20, karatasi iwe mbele ya kifua chake, si pembeni, umwambie aweke alama katikati. Rudia kwa mistari kadhaa, upime kwa rula. Mtu wa kawaida hukosea milimita chache. Huyu ataivuta alama mbali kulia. Kama ni msomaji, mpe kitabu cha Kiswahili na msahafu. Kwenye Kiswahili ataanza katikati ya mstari, kwenye msahafu ataanza vizuri aachie njiani, kwa sababu kinachopotea ni upande ule ule wa kushoto. Ukipima kwa kitabu kimoja tu, unaweza kudhani amesahau kusoma.

Kwa usalama weka kengele na maji kulia kwake, lakini mazoezi yamvute kushoto: bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa meza, na kila mlo umkumbushe auone huo kwanza. Asivuke barabara peke yake. Magari yetu hutoka kulia kwanza, hayo atayaona. Akifika katikati, matatu na tuktuk za kutoka kushoto kwake hazipo.

Matusi, uzembe na kurudiarudia jambo huelekeza mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Hapo ndipo mtu anapojizuia, anapoanzisha jambo na anapoliacha lililokwisha. Gonga meza na mgonjwa, umwambie: "Nikigonga mara moja, nawe gonga mara moja; nikigonga mara mbili, usigonge." Mfanyishe zoezi mara tatu kwa kila sharti, kisha gonga 1-1-2-1-2-2-2-1-1-2. Anaweza kukuambia sharti kwa ufasaha huku mkono wake unagonga. Kujua na kujizuia ni kazi mbili tofauti, na jamaa wakishaliona hilo kwa macho yao hupunguza lawama.

Sehemu hiyo ya mbele ina kipimo kingine, cha kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani kwa dakika moja. Kikichukuliwa kutoka Kiingereza bila kufikiri, kinaharibika kwetu: mpe mtu K, na kila kitenzi chaweza kutajwa kwa ku-, na majina mengi ya vitu yaanza na ki-. Tumia wanyama au vyakula, na hesabu marudio pia, si idadi tu.

Hisia nazo: kicheko au kilio kinachozuka na kukatika ghafla, bila furaha wala huzuni moyoni, chaweza kuwa ni njia za kutoka kwenye gamba kwenda shina la ubongo zilizokatika. Muulize kama ana huzuni kweli. Asiyeweza kusema, mwangalie anavyolala na anavyokula.

Kabla ya yote haya, pima sukari ya damu. Iliyoshuka chini ya 3.9 mmol/L inaweza kuiga karibu kila kitu tulichoandika, na mwezi wa Ramadhani kumbuka anayefunga huku anatumia dawa za kisukari. Kuchanganyikiwa kulikoanza ndani ya saa chache mwite daktari, usifungue daftari la vipimo. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au usemi ukivurugika ghafla, andika saa ya mwisho alipoonekana mzima: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu saa hiyo. Kama hakuna dharura ya namna hiyo, kabla ya kupima hakikisha amevaa miwani yake, amelala usiku, na feni haimzomei sikioni.

Kwenye faili andika tendo, usiandike tabia. Si "mvivu", bali "hakuanza kula hadi alipoambiwa mara 2; alipoanza alimaliza sahani." Atakayempokea Jumatatu atajua aanzie wapi.