Unaipiga Ubuntu kompyuta ya steshenari? Usibonyeze kitu kwanza

Acha. Umeandika kwamba wikiendi hii unafunga duka hapo Bagamoyo, unatoa Windows unapiga Ubuntu, ile Linux ya bure, na "kazi za wateja ziko D kwa hiyo ziko salama". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonitoa kitandani, maana na mimi niliyasema hivyo hivyo.

Nina steshenari Ngamiani, Tanga. Windows 10 ilipokaribia kukatiwa huduma, Oktoba 14, 2025, mashine yangu ikagoma kupokea Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0, kichipu cha usalama. Hela ya kununua nyingine sina, Windows za kuchakachua nimezichoka, na flashi za wateja zinaniletea virusi kila siku. Akatokea jirani mmoja anayejiita mtaalamu: Linux ya bure, virusi hakuna, "inafuta C tu mkuu, D haiguswi". Aliyasema hayo anakula muhogo wangu.

Sikiliza. C na D kwenye mashine kama zetu ni diski moja iliyokatwa vipande viwili. Ukichagua kufuta diski na kusakinisha Ubuntu, inafutwa diski nzima. Maandishi yanasema hivyo kabisa, na niliyasoma. Nikabonyeza endelea, nikaenda kuagiza chai.

Niliporudi, Ubuntu inameremeta. D hakuna. Nikazima, nikawasha, hakuna. Waja leo waondoka leo, ndiyo Tanga yetu. Kazi za miaka sita ziliondoka chai haijapoa.

Mle mlikuwa na mitihani ya shule mbili, katiba za vikoba, na kadi za mchango wa harusi za mteja wa kesho yake. Na mimi, badala ya kuzima mashine papo hapo, nikaendelea kuitumia siku mbili. Kila unachoandika juu ya diski iliyofutwa kinakalia kilichokuwepo, kwa hiyo nilikuwa nazika maiti yangu mwenyewe. Fundi wa kuokoa faili akanichaji 180,000. Zilirudi bila majina: f0482113.doc, f0482990.doc, maelfu. Nafungua moja moja usiku: barua ya kuomba kazi, nusu ya mtihani wa Kiswahili, inayofuata haifunguki. Kwenye kadi ya harusi nikapata picha ya maua tu.

Mama wa bibi harusi hakunitukana, afadhali angenitukana. Alikaa kwenye benchi, akaomba karatasi na kalamu, akaanza kuandika upya majina ya wachangaji.

Mtaalamu akasema, "Labda ulibonyeza vibaya." Siku hizi anafundisha watu forex.

Kwa hiyo: nunua diski ya nje, nakili kila kitu, ichomoe, ipeleke kwenye kompyuta ya mtu mwingine ufungue faili. Uzifungue kweli, usiishie kuona folda imejaa ukaridhika. Na wakati wa kusakinisha hiyo diski iwe nyumbani kabatini, isije ikafutwa nayo kwa kuchagua diski siyo.

Linux yenyewe sina ugomvi nayo, hata sasa naandikia humo, na vile virusi vya flashi sijaviona tena kwenye mashine yangu. CV za watu zilizoandikwa kwa fonti ya Calibri zilikuwa zinasogea mistari, ukurasa mmoja unakuwa mmoja na robo, mpaka nilipoweka Carlito ambayo upana wa herufi zake ni ule ule.

Uliuliza na printa, na Mint (Linux nyingine) au Ubuntu, na kitu gani sijui cha RAM. Printa: washa mashine kwa flashi ya Ubuntu, chagua kuijaribu bila kusakinisha, chomeka printa utoe karatasi moja. Hayo mengine nitakujibu ukirudi hapa na jibu la hili: diski ya nje unayo au huna?