Kidari Kikivunjika, Tazama Kilicho Nyuma Yake

Ajali ya barabara ya Segera ikiletwa kwetu Tanga, watu hukimbilia aliyevunjika mguu na anayevuja damu. Dereva aliyekaa kimya benchini, kiganja kifuani, anasema "mimi mzima, kifua tu kinabana." Ndugu zangu mnaoshika zamu, huyo msimwache akae mno.

Kidari, yaani mfupa wa katikati ya kifua, huvunjika zaidi katika ajali za gari: kifua kimegonga usukani, au mkanda umekibana ghafla. (Msiseme basi mkanda wa nini. Bila mkanda angetokea kiooni. Fungeni.) Mfupa wenyewe mara nyingi hujiunga bila kupasuliwa. Hofu yangu ni moyo, mapafu na mishipa mikubwa iliyo nyuma yake, pamoja na uti wa mgongo, ambao huweza kuvunjika kwa kishindo hichohicho. Kwa hiyo nianze na njia ya hewa, pumzi, mapigo na presha, kisha nibonyeze kidari taratibu, na mgongo nao niupapase.

Eksirei ya mbele inaweza kukudanganya, maana mfupa hujificha kwenye kivuli cha moyo na uti. Omba ya ubavuni. Utrasaundi nayo huonyesha ufa palepale kitandani, na sitiskani (CT scan) ndiyo inayoona vizuri zaidi.

Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, ni kwa kila mmoja wao, hata kijana anayecheka. Troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha moyo umeumia, ikipatikana, ipimwe pia. Vyote vikiwa sawa, hana jeraha jingine, na maumivu yanatulizwa na vidonge, arudi kwao. Mapigo yakiyumba au presha ikishuka, halali nyumbani huyo. Ukiwa zahanati isiyo na ECG, mtulize maumivu, umsafirishe hospitali ya Bombo.

Maumivu ndipo ninapobishana na wenzangu, maana wengi huandika parasetamo "akiumwa." Mtu anayeogopa kuumwa havuti pumzi wala hakohoi, makohozi yanatuama, na siku chache baadaye anarudi na nimonia. Mtu mzima wa umbo la kawaida, ambaye ini lake halina shida, mpe parasetamo gramu 1 kila baada ya saa 6, kwa kufuata saa, asingoje kuumwa. Diklofenaki iongezwe kama figo na tumbo ni salama. Mofini kidogokidogo kwa anayezidiwa.

Halafu kuna bibi. Ngamiani hapa hakuna mgonjwa asiye na bibi aliyekuja na kanga ya kumfunga kifua na birika la kumkandia. Usimkemee. Mimi huamkia kwanza, kisha: "Bibi, tukimbana hatapumua. Hiyo kanga tuikunje, aikumbatie kifuani akitaka kukohoa." Huwa anakubali, tena ndiye atakayemsimamia mgonjwa avute pumzi ndefu kila saa akiwa macho. Kukanda ndiyo ngumu zaidi kumwachisha.

Siku za mwanzo alale ameegemea mito. Ndoo, jembe na magunia vimsubiri wiki kadhaa. Maumivu yanaweza kufika miezi 2 au 3, mwambieni mapema asidhani amerogwa. Arudi mbio akiishiwa pumzi, akizimia, moyo ukienda mbio, au akipata homa na kikohozi. Na dereva, ambaye atauliza gari kabla ya kuuliza dawa, asiendeshe mpaka aweze kukata kona na kukanyaga breki kwa nguvu bila kushika kifua.