Kwa Wanaoanza Kusoma Ugomvi wa Goldoni na Chiari

Mwanafunzi anayeingia kwa mara ya kwanza katika futuhi za Venezia za karne ya 18 hukutana mapema na majina ya Plautus na Terentius, watunzi wa futuhi wa Roma ya kale, na mara nyingi huyachukua kuwa ushahidi wa athari: mtunzi amemtaja mkale fulani, basi alijifunza kwake. Nawaomba msikimbilie hapo. Ulizeni kwanza mtunzi huyo alikuwa akishindana na nani, na katika ukumbi upi.

Mwaka 1749 mtunzi Pietro Chiari aliidhihaki jukwaani futuhi ya mshindani wake Carlo Goldoni kuhusu mjane mwerevu, na mzozo ulipopamba moto, wakuu wa mji wakaweka ukaguzi wa michezo ya kuigiza. Mwaka 1753 Goldoni aliuacha ukumbi wa Sant'Angelo akahamia San Luca, na Chiari akaishika nafasi yake. Mwaka uliofuata Goldoni alimtoa Terentius mwenyewe jukwaani kama mhusika, naye Chiari akajibu kwa tamthilia juu ya Plautus. Hapa msipite haraka. Terentius, ambaye mapokeo yanasema alizaliwa Karthago na kufika Roma akiwa mtumwa, hakuzitumia dibaji zake kusimulia kisa, bali kumjibu mtunzi mzee aliyekuwa akimchafulia jina. Kwa maoni yangu, Goldoni alimchagua kwa sababu alihitaji mkale aliyewahi kushambuliwa kama yeye, na Chiari akamshika Plautus kwa kuwa alimtangulia Terentius na sifa yake ya kuchekesha umati ilikuwa kubwa zaidi.

Kumbukeni pia kwamba ni Goldoni huyohuyo aliyeandika mwaka 1750 kuwa vitabu vilivyomfunza zaidi ni viwili, Ulimwengu na Jukwaa, wakale hawamo. Kauli hiyo na tamthilia juu ya Terentius zisomwe pamoja, kila moja kwa wakati wake.

Carlo Gozzi, mtunzi mwingine wa Venezia aliyewakejeli Goldoni na Chiari wote wawili mwaka 1761 kwa hekaya ya machungwa matatu, aliwategemea washairi wa kale wa Toscana, naye aulizwe swali lilelile.

Kabla ya kufungua tamthilia yoyote ya Goldoni, someni dibaji za Terentius. Zimo katika tamthilia zake zote sita, nazo ni fupi kiasi cha kumalizika jioni moja.